Hukumu Imesomwa: Anza na Aya ya Mwisho

Mfanyabiashara anayevutana na mwenye nyumba kuhusu fremu ya Mtaa wa Narung'ombe, mjane anayegombea haki yake katika nyumba ya Gerezani, kijana aliyekamatwa na mzigo Mtaa wa Kongo akapandishwa kizimbani Kisutu: wote hao siku moja hukaa kwenye benchi wakimsikiliza hakimu au jaji akisoma kurasa nyingi kwa kasi. Dakika chache baadaye watu wanasimama, mawakili wanainamisha vichwa, na huko nje ndugu wanauliza swali moja tu: "Tumeshinda au tumeshindwa?"

Swali hilo halitoshi. Mtu anaweza kushinda hoja na asiambulie hata shilingi. Anaweza kushindwa leo na bado akawa na ruhusa ya kurudi na shauri lilelile mwezi ujao. Anaweza kuachiwa na akakamatwa upya kabla hajavuka geti la mahakama. Tofauti hizo zimo katika maneno machache aliyoyachagua hakimu, na mara nyingi yamo katika aya ya mwisho. Makala haya yanaeleza namna ya kuyasoma maneno hayo, siku ulizonazo mkononi baada ya kuyasikia, na haki yako ya kuyapata kwa Kiswahili.

Karatasi uliyopewa inaitwaje?

Chini ya jina la mahakama na namba ya shauri huandikwa jina la hati yenyewe. Hukumu ndiyo inayomaliza ubishi baada ya ushahidi kusikilizwa. Uamuzi, ambao wengi huuita uamuzi mdogo, hujibu jambo lililojitokeza njiani: ombi la kumzuia mwenye nyumba asifunge fremu mpaka kesi iishe, ombi la kuongezewa muda, pingamizi la awali. Kuna pia tuzo, yaani muhtasari rasmi wa hukumu ya madai unaosema nani amlipe nani, kiasi gani, kwa riba gani, na gharama za kesi ziwe juu ya nani. Siku dalali wa mahakama anapokuja kukamata mali, anafuata tuzo na amri ya utekelezaji. Zile kurasa za maelezo hazimhusu. Basi linganisha mapema tarakimu za kwenye tuzo na zile za kwenye hukumu. Zikipishana kwa kosa la kuandika au la hesabu, mahakama iliyozitoa ina mamlaka ya kuzisahihisha, na kuomba hilo hakuhitaji rufani.

Uamuzi mdogo usiomaliza shauri kwa kawaida haukatiwi rufani palepale. Ukinyimwa zuio, au ombi lako la kuahirisha likikataliwa, kesi inaendelea, na lalamiko hilo utalibeba ndani ya rufani ya mwisho kama itafika huko. Nawaona watu wakitumia fedha nyingi kupigania uamuzi wa namna hii wakati kesi yenyewe haijaanza kusikilizwa, na nasikitika kwa sababu fedha hizo zingemlipa wakili kwenye hatua yenye uzito.

Kuhusu pingamizi la awali, kuna kesi moja ya Afrika Mashariki ambayo mahakimu wetu huitaja karibu kila siku: Mukisa Biscuit ya Uganda, iliyoamuliwa mwaka 1969. Inasema pingamizi la awali lazima liwe hoja ya sheria tupu, inayoweza kuamuliwa bila kuita shahidi wala kupekua risiti. Mpinzani wako akisema "shauri hili limefunguliwa nje ya muda" na tarehe zimo kwenye hati yako mwenyewe ya madai, hilo ni pingamizi. Akisema "huyu hakuwahi kulipa kodi ya pango," hilo linataka ushahidi na lina siku yake. Ukisimama mwenyewe bila wakili, unaweza kulisema hivyo hivyo mbele ya hakimu, na ukaitaja Mukisa Biscuit kwa jina.

Jambo jingine dogo la ratiba. Shauri linaweza kupangwa kutajwa au kusikilizwa. Siku ya kutajwa mahakama huangalia tu hati zimefikia wapi na kupanga tarehe nyingine. Usifunge duka na kuwaleta mashahidi watatu kutoka Mbagala siku ya kutajwa. Siku ya kusikilizwa nayo usikose. Mdai asipotokea shauri linaweza kufutwa, na mdaiwa asipotokea linaweza kusikilizwa upande mmoja. Ikikukuta hukumu ya upande mmoja, njia ya kwanza ni kurudi haraka kwenye mahakama hiyohiyo na kuomba iondolewe, ukieleza sababu ya msingi ya kutofika. Wengi hukimbilia rufani na kugonga mwamba huko.

Kutupiliwa mbali na kuondolewa mahakamani

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mahakama inapolitupilia mbali shauri, maana yake imelipima na kulikataa. Mlango wa kulifungua upya katika mahakama hiyo umefungwa, imebaki rufani. Inapoliondoa mahakamani, maana yake shauri lina kasoro ya kisheria iliyoizuia mahakama hata kulipima: limefunguliwa mahakama isiyo na mamlaka, limekosa hati ya lazima, au jina la mdaiwa limekosewa kiasi cha kutojulikana ni nani. Hapo unaruhusiwa kurekebisha kasoro na kulifungua upya, mradi muda wa kisheria haujapita. Msingi huu uliwekwa mwaka 1959 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo kutoka kusini mwa Tanganyika. Mahakama ilieleza kwamba rufani yenye kasoro haikuwa rufani kamili mbele yake, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kutupilia mbali. Ilichoweza kufanya ni kuiondoa tu. Zaidi ya miaka 60 imepita na majaji wetu bado wanaitegemea.

Kwenye hukumu za Kiingereza maneno hayo mawili yalishazoeleka, na wakili akiyasikia anajua la kufanya. Kwenye Kiswahili cha mahakama zetu bado hayajatulia. Utasikia "naliondoa", "nalifuta", "nalitupa" na "nalitupilia mbali", na hakimu mmoja hamaanishi lazima kile anachomaanisha mwenzake wa chumba cha pili. Magazeti nayo huandika "yatupilia mbali" kwa yote. Nasema hili kwa uchungu wa mtu anayetaka Kiswahili kishike mahakama zote: lugha ya sheria ikiyumba hapa, anayeumia ni mama wa Kariakoo aliyeambiwa kesi yake "imefutwa", akarudi nyumbani akijua yameisha, kumbe alikuwa na nafasi ya kurudi. Kwa hiyo, kabla hujatoka chumba cha mahakama, simama na uulize kwa heshima: "Mheshimiwa, naruhusiwa kulifungua upya?" Hilo ni swali halali. Jibu likitolewa, liombe liingie kwenye kumbukumbu.

Katika kesi za jinai, maneno ya kuchunga ni yale ya kuachiwa. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kusema hana nia ya kuendelea na kesi, na mshtakiwa akaachiwa. Kuachiwa huko hakumkingi na kushtakiwa tena kwa jambo lilelile, ndiyo maana pale Kisutu watu wamewahi kufutiwa mashtaka na kukamatwa upya kabla hawajafika barabarani. Ni tofauti na mahakama kusema mshtakiwa hana kesi ya kujibu, au upande wa mashtaka umeshindwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka. Huyo ameachiwa huru kwa hukumu. Jamhuri ikitaka kumfuata itabidi ikate rufani. Ndugu yako akitoka, uliza ametoka kwa njia ipi kati ya hizo, na uombe nakala ya amri. Usimpangie safari wala kazi mpya kabla ya kujua.

Hoja iliyoshinda na mtu aliyeshindwa

Kila hukumu ya kesi iliyopingwa ina sehemu mbili ambazo msomaji asiyezoea huzichanganya: sababu na amri. Sababu ni kanuni ambayo mahakama imeitumia, nayo itawafunga mahakimu wa chini katika kesi zijazo. Amri ni kile ambacho wewe, mwenye kesi, unakipata au unakikosa.

Mfano wake mzuri ni kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani Dar es Salaam mwaka 1983. Swali lilikuwa kama kazi za nyumbani za mke, yaani kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliiruhusu mahakama kugawa mali kwa kuangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika, wengine wakisema kazi za nyumbani ni wajibu wa mke tu, hazihesabiki. Jaji Mkuu Francis Nyalali, aliyeandika hukumu, aliangalia kasoro ambayo sheria ile ilikusudiwa kuiponya na akasema kazi hizo ni mchango. Tangu siku hiyo wanawake wengi wa Tanzania Bara waliodai mgawo wa nyumba baada ya talaka wamesimama juu ya maneno hayo.

Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo. Mahakama iliona kwamba mumewe alimpa fedha za kuanzisha mradi wa familia na zikapotea, ikazihesabu fedha hizo kama sehemu yake aliyokwishaipata. Ukimuuliza mtu mtaani atakuambia Bi Hawa alishinda. Ukisoma aya ya mwisho utaona vingine. Kwa anayekwenda kudai mgawo leo, kesi hiyo ina mambo mawili ya kushika: kazi yako ya nyumbani inahesabiwa, na matumizi ya fedha ulizokabidhiwa nayo yanahesabiwa. Weka kumbukumbu za yote mawili. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, mashauri ya mirathi na ndoa siku hizi yana kituo chake jumuishi kule Temeke, chenye mahakama za ngazi mbalimbali chini ya paa moja.

Amri nazo zina aina. Nyingine zinatekelezeka kesho asubuhi, nyingine zinatamka tu hali ya sheria na kumtaka mtu mwingine achukue hatua. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana na Rebeca Gyumi kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufani ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Serikali ilipewa mwaka 1 wa kusahihisha sheria. Katiba, katika Ibara ya 30(5), inairuhusu mahakama kutoa muda wa namna hiyo badala ya kukifuta kifungu palepale. Mwaka ule ukapita Bunge likiwa halijabadilisha. Ukisoma hukumu ya kikatiba, basi, angalia kama imesema kifungu "ni batili kuanzia leo" au imetoa muda, kwa sababu hizo ni amri mbili tofauti kabisa kwa msichana anayesubiri.

Na utakutana na maneno ya pembeni. Jaji anaweza kulaani tabia ya wenye nyumba wanaodai kilemba, au kuwasihi wafanyabiashara waandikishe mikataba. Yana busara, lakini kama hayakuhitajika kuamua kesi hiyo, hayamfungi mtu. Usiende kwa mwenye nyumba wako na gazeti ukimwambia mahakama imepiga marufuku.

Siku zinahesabiwa kuanzia lini

Kwa kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, una siku 30 kukata rufani Mahakama ya Wilaya, na kutoka hapo siku 30 nyingine kwenda Mahakama Kuu. Siku hizo huanza tarehe ya uamuzi. Kosa linaloua rufani nyingi za watu wa kawaida ni kungoja nakala ya hukumu. Kwa rufani ya kutoka Mahakama ya Mwanzo sheria haikulazimishi kuambatanisha nakala, kwa hiyo karani akikuambia "bado inachapwa," wewe endelea kuandika sababu zako na uziwasilishe ndani ya muda.

Kesi ya madai iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ina siku 90 kwenda Mahakama Kuu kupinga hukumu na tuzo yake. Hapa nakala inahitajika, na muda uliotumika kuisubiri hautahesabiwa dhidi yako, mradi uonyeshe kwamba uliiomba. Andika barua siku hiyohiyo ya hukumu au kesho yake, ipeleke masjala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako migogoro mingi ya nyumba na viwanja vya Ilala huishia, lina siku 45 kwenda Mahakama Kuu. Mtu aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi atoe taarifa ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 10, kisha awasilishe rufani ndani ya siku 45. Aliyeko gerezani huyafanya haya kupitia ofisi ya mkuu wa gereza. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ya rufani itolewe ndani ya siku 30. Ngazi hiyo ina kanuni kali za kumbukumbu za rufani, na hapo nashauri wakili bila kusita.

Umechelewa? Unaweza kuomba muda uongezwe, lakini majaji hawana mzaha na jambo hili. Kipimo wanachokitumia kimeelezwa katika uamuzi wa Lyamuya Construction wa mwaka 2011: eleza kila siku uliyochelewa, kuchelewa kusiwe kwa kupindukia, uonyeshe ulikuwa na bidii, na kama kuna ukiukwaji wa sheria ulio dhahiri ndani ya uamuzi unaoupinga, utaje. "Nilikuwa naumwa" bila cheti cha hospitali chenye tarehe haitoshi. "Wakili wangu alisahau" mara nyingi haitoshi pia. Katiba, Ibara ya 107A, inaziagiza mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi, lakini usiitegemee ibara hiyo kuponya uzembe wa kuhesabu siku. Mahakama ya Rufani imekataa hilo mara nyingi.

Na jambo ambalo watu hawaliamini mpaka dalali awafikie dukani: kukata rufani hakusimamishi utekelezaji wa hukumu. Ni lazima uombe zuio la utekelezaji kwa ombi lake lenyewe. Ukishinda nawe usikae ukingoja mdaiwa aje na bahasha. Ni wewe unayepaswa kurudi mahakamani na maombi ya kukazia hukumu, ukitaja mali au akaunti unayoijua. Sheria ya Mwenendo wa Madai inavikinga baadhi ya vitu visikamatwe, vikiwemo vyombo vya kupikia, matandiko, zana za kazi za fundi, na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake, isipokuwa mambo kama rehani ya benki. Mshona nguo wa Mtaa wa Mchikichi ambaye dalali anaikodolea macho cherehani yake ana hoja ya kisheria ya kusema.

Kiswahili ni haki, idai

Mahakama ya Mwanzo tangu hapo ilizungumza na kuandika Kiswahili. Juu yake mambo yalikuwa ya ajabu ambayo tuliyazoea: shahidi anasema Kiswahili, wakili anauliza kwa Kiswahili, jaji anaelewa Kiswahili, kalamu inaandika Kiingereza. Hukumu inatoka kwa lugha ambayo mwenye kesi lazima amlipe mtu amsomee. Wasomi waliliona mapema. Kitivo cha Sheria cha chuo kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, mwendo mfupi kutoka sokoni Kariakoo, na mkuu wake wa kwanza, A. B. Weston, alikusanya istilahi za sheria za Kiswahili zilizochapishwa mwaka 1968. Maneno yalikuwepo, sheria ya lugha ndiyo iliyobaki nyuma.

Mambo yalibadilika mwaka 2021. Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma alikuwa ameandika uamuzi kwa Kiswahili katika shauri lililouhusu mgodi wa North Mara. Tarehe 1 Februari, Siku ya Sheria, Rais John Magufuli alimsifu hadharani mjini Dodoma na kumteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huohuo Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na tangu hapo lugha ya sheria na ya mahakama, mabaraza na vyombo vingine vya kutoa haki ni Kiswahili. Kiingereza kinaruhusiwa pale haki inapohitaji hivyo, kwa mfano upande mmoja usipojua Kiswahili, kwa masharti ambayo kanuni za Jaji Mkuu za mwaka 2022 zimeyaeleza. Na pale kinapotumika, sheria inataka mwenendo na uamuzi vitafsiriwe kwa Kiswahili.

Utekelezaji unakwenda polepole. Hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Ndiyo sababu nasema idai. Ukipewa hukumu ya Kiingereza, mwandikie Naibu Msajili wa mahakama hiyo, taja namba ya shauri na tarehe ya hukumu, omba tafsiri ya Kiswahili, na utunze nakala yenye muhuri. Wakati tafsiri inasubiriwa, siku za rufani zinaendelea kukimbia. Usizichanganye barua hizi mbili, ya nakala na ya tafsiri.

Haki ya lugha inaanza kabla ya hukumu, tena kwa uzito zaidi katika jinai. Shtaka likisomwa, mahakama inapaswa kulieleza kwa lugha unayoielewa na kuandika jibu lako kwa maneno yako kadiri inavyowezekana. Kesi ya Adan ya mwaka 1973, iliyotoka Kenya, ilizitahadharisha mahakama za Afrika Mashariki juu ya majibu ya mkato. Mbeba mizigo anayesema "ni kweli" akimaanisha "ni kweli nilikuwa na lile furushi" anaweza kujikuta ameandikwa amekiri wizi. Aliyekiri kosa kwa kawaida hana rufani juu ya kutiwa hatiani. Anabaki kulalamikia adhabu, isipokuwa aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na utata, kulitokana na kutoelewa, au kosa halikuwepo kabisa kisheria. Kwa hiyo jibu kwa sentensi nzima: "Furushi nililibeba, mwenye mali alinituma, sikuiba." Kwa jibu hilo mahakama inapaswa kuandika kwamba umekana.

Wazazi wanaowapeleka watoto kutoa ushahidi wa makosa ya kingono pia wana wasiwasi wa lugha. Mtoto wa Kiswahili kalelewa kwa staha, atasema "alinifanyia tabia mbaya". Mahakama ya Rufani imekubali katika maamuzi kadhaa kwamba maneno ya staha yasomwe kwa mazingira na mila za shahidi. Hata hivyo, kuna kesi zilizoanguka kwa sababu ushahidi haukusema wazi kilichotendeka. Mwache mtoto aseme kwa maneno yake, na mwendesha mashtaka ndiye wa kumuuliza mpaka maana ieleweke. Usimfundishe maneno ya kitabuni nyumbani, kwa sababu wakili wa utetezi atayatambua.

Pa kusoma, pa kupata msaada

Maamuzi ya Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu yamewekwa kwenye mtandao wa TanzLII, bure, na simu ya kawaida inatosha. Kila uamuzi una alama: TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu, na mabano yana mwaka. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani unazifunga mahakama zote za chini yake. Ukikuta hukumu inayofanana na kesi yako, angalia kwanza imetoka mahakama gani, kisha aya ya mwisho, ndipo urudi mwanzo. Ukiwa na hukumu ya zamani, jihadhari na namba za vifungu. Toleo la sheria lililorekebishwa la mwaka 2023 limezibadilisha nyingi, na kifungu ulichokariri kinaweza kuwa kimehama.

Kuzunguka mahakama na kwenye steshenari za Kariakoo utawakuta vishoka wanaoandika rufani kwa elfu kadhaa. Wengine wana mwandiko mzuri, ila hawawezi kusimama mbele ya jaji, na hati iliyokosewa jina la mahakama itakuondolea shauri lako. Wakili halali ana leseni ya mwaka husika, nayo huthibitishwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Usiye na uwezo una haki ya kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA), Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake (WLAC) na Chama cha Mawakili Tanganyika husaidia watu wa Dar es Salaam, na katika Wiki ya Sheria kila Januari mawakili na watumishi wa mahakama hukaa hadharani kutoa ushauri bila malipo. Ukienda kwa yeyote kati yao chukua hukumu yote, barua zenye muhuri, na karatasi uliyoandika tarehe ya hukumu kwa tarakimu kubwa. Kitu cha kwanza watakachokuuliza ni hiyo tarehe.